Shamba la Bondeni la Baba Mkwe

Berchem-Sainte-Agathe, Brussels
Jumamosi asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo, na Assalaam alaykum. Shikamoo nimeitanguliza kwa sababu najua barua isiyo na shikamoo utaikunja uiweke chini ya godoro mpaka niandike nyingine. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Mlalo? Dada Zuhura aliniambia siku hizi hushuki tena gulioni, unamtuma yeye, na kwamba kutwa unakaa jikoni karibu na moto. Na Baba, kile kikohozi chake cha alfajiri kimepungua? Mwambie avae lile koti la sufu nililomtumia, asiliweke la kwendea harusini.

Sisi huku tu wazima wa mwili, mimi na mjukuu wako Salma. Nasema wa mwili, maana moyo wangu si mzima hata kidogo, na hilo ndilo lililonikalisha mezani asubuhi hii wakati Salma anatazama katuni chumba cha pili.

Barua anakuletea Mwajuma, binti wa Korogwe aliyekuwa akisoma hapa na sasa amemaliza. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe, mkononi. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako, Mama, ni ya nyumba nzima. Unaifungulia sauti, Baba anasikia, watoto wa Zuhura wanasikia, na jioni jirani anakuja kuuliza imekuwaje. Juzi Zuhura alinipigia akaniuliza mbona sauti yangu inakwaruza, nikamwambia ni mafua. Hayakuwa mafua. Nilikuwa nimetoka kulia chooni kazini, bomba la maji nimelifungua ili wazee ninaowahudumia wasinisikie.

Ninaogopa, Mama. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe. Soma taratibu, nitakueleza kuanzia mwanzo.

Unakumbuka shule za huku zilipofungwa, nilikuambia tunakwenda kwao Wahyu, Indonesia, kwa kuwa baba yake amepata kiharusi. Tulikwenda sote watatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga kwa wakwe zangu, na nilikuwa na wasiwasi wa kawaida tu wa mke mgeni: nitakula nini, nitakaaje, watanionaje mimi mweusi. Wasiwasi huo uliisha siku ya kwanza.

Kijiji chao kiko juu kabisa, katikati ya kisiwa cha Java, mahali ambapo asubuhi unayaona mawingu yakipita chini ya miguu yako. Ungefika pale ungedhani umefika kwetu, kisha mtu akapita akakata miti yote. Viazi, kabichi, karoti, halafu viazi tena. Milima imelimwa mpaka kileleni. Nyumba zimebanana kama watu wanaosikia baridi, na jikoni kila nyumba ina jiko la mkaa katikati. Mgeni anaambiwa achutame aote moto kabla hajaulizwa ametoka wapi. Mama mkwe wangu, ninayemwita Ibu kama wao wanavyomwita mama, alikuwa akinijazia bakuli la wali na mboga kila jioni, kisha ananikazia macho mpaka nimalize. Hatukuelewana lugha, mimi na yeye, ila maneno machache niliyokuwa nimefundishwa na Wahyu. Lakini nilijisikia nimekaa na wewe.

Salma ndiye aliyefurahi kupita kiasi. Huku Brussels tunaishi ghorofa ya nne, uwanja wa kuchezea ni wa mpira wa makaka wakubwa, na jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio Salma akirukaruka. Kule aliamka akatoka nje. Basi. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Alirudi na matope mpaka masikioni na maneno mapya ya kwao, akiniambia mimi sijui kusema vizuri.

Na Wahyu, Mama! Wewe unamjua Wahyu wa huku: anabeba maboksi ghalani, anarudi mgongo umekufa, anakula bila kusema neno. Mtu aliyesomea udongo chuo kikuu hapa hapa Ubelgiji. Kule nilimwona mume mwingine. Alikuwa anapiga magoti shambani, anachukua udongo anaufikicha na kuunusa. Wanakijiji wenzake wanamzunguka, naye anawachorea chini kwa kijiti: matuta yazunguke mlima badala ya kuteremka nao, huku tupande miti, huku tuache nyasi. Maana hali yao si nzuri. Vijana wengi wamekwenda mijini kuendesha pikipiki za abiria na kufanya kazi viwandani. Waliobaki wanasema udongo umechoka. Zamani kiazi kimoja kilijaza kiganja, leo ni vidogo, na ili vitoke hata hivyo vidogo lazima umwage mbolea ya kuku gunia kwa gunia na kupuliza dawa mvua ikikatika. Na kiangazi kuna baridi inayogandisha umande. Unaamka shamba zima ni jeupe kama limenyunyiziwa chumvi, watalii wanapiga picha na kucheka, na jua likipanda majani yote yanakuwa meusi kama yamepitiwa na moto.

Nilimsimulia Wahyu jinsi Baba anavyopanda miti kwenye kingo za shamba ili udongo usiondoke. Akawa ananiuliza maswali mpaka nikacheka. Jioni moja tumekaa mlangoni, akaniambia, "Hidaya, hapa tunaweza kuishi. Hapa mimi ni mtu." Na mimi, Mungu ni shahidi, nilianza kuona hivyo hivyo.

Sasa nikueleze shamba la bondeni.

Nyuma ya kijiji, ukiteremka kidogo, kuna mahali ardhi inatoa moshi. Ule ni mlima wa moto wa zamani, na tumbo lake halijapoa. Matope ya kijivu yanatokota mchana kutwa na harufu yake ni ya mayai viza. Hiyo harufu watu hawaiogopi sana, maana ukiisikia unaondoka. Kinachoogopwa ni hewa nyingine isiyo na harufu wala rangi. Ni nzito. Inatoka ardhini, inatambaa chini chini kama maji, inajaa kwenye mabonde, na asubuhi zisizo na upepo inalala pale pale. Aliyeingia ndani yake hapigi kelele. Analegea tu, basi.

Na shamba la baba mkwe liko chini ya hapo. Utauliza kwa nini mtu alime mahali kama pale. Ni kwa sababu ndilo shamba bora kuliko yote, Mama. Udongo wake una joto kutoka chini, kwa hiyo umande haugandi. Mwaka ambao mashamba ya juu yote yameungua kwa baridi, lile la bondeni linabaki kijani. Ndilo lililomsomesha Wahyu na dada yake Ningsih. Serikali imesimamisha kibao chenye picha ya fuvu, na kuna king'ora juu ya mlingoti. Nimeona kwa macho yangu watu wakitundika majaketi yao kwenye kile kibao wanapoanza kutoka jasho.

Tulikuwa tumebakiza siku chache turudi. Wahyu na shemeji yake, mume wa Ningsih, walikuwa wanapanda viazi kule bondeni, mimi nikawapelekea chai na wali. Salma alikuwa mbele yangu anaruka matuta. Kulikuwa na ukungu, na kimya. Hata jani halikutikisika. Wahyu na shemeji yake walikuwa ukingoni kwa juu, wameinua vichwa wanatupungia mikono. Salma akakimbilia chini, kwenye mfereji mdogo ambao maji yake ni vuguvugu, alipenda kutumbukiza mikono pale.

Akasema, "Mama, nimechoka." Akakaa kwenye tuta.

Nikacheka. Nikamwambia, "Umechoka nini, hujafanya kazi yoyote." Akalala ubavu, akaweka mkono chini ya shavu, kama anavyolala kitandani.

Nikaweka birika chini, nikainama nimwinue. Mama, nilipoinama, pumzi haikuja. Nilivuta hewa ikaingia lakini haikuwa hewa. Kifua kikawaka, kichwa kikajaa mlio, magoti yakaondoka. Nilitaka kuita, sauti haikutoka. Nilisikia tu Wahyu akipiga kelele kutoka juu, "Usiiname! Hidaya, usiiname! Simama!" Nami nilikuwa nimeshaelewa, kwa kitambo kile kifupi, kwamba mimi nikisimama kichwa changu kiko nje ya ile hewa, na mwanangu, kwa urefu wake, yuko ndani yake yote.

Sikusimama. Nilimshika sweta. Sikuweza kumwinua, vidole havikuwa na nguvu.

Wahyu alishuka amebana pumzi. Akamnyakua Salma akamweka juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na mimi shemeji yake akanivuta kwa ushungi na mkono, tukapanda, sijui tulipandaje. Huko juu alimlaza kwenye nyasi. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya bluu. Wahyu akampulizia mdomoni, akampulizia tena, anasema jina lake katikati, na mimi nimelala pembeni natapika, siwezi hata kumgusa mwanangu. Kisha akakohoa. Akatapika maziwa aliyokunywa asubuhi. Akalia. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Zahanati walimwekea oksijeni mpaka alasiri. Daktari alisema Salma alifika akiwa hai kwa bahati tu. King'ora hakikulia.

Jioni tuliporudi nyumbani, baba mkwe, ambaye tangu kiharusi anazungumza kwa upande mmoja wa mdomo, alimshika Salma mkono akambusu, machozi yakimtoka. Halafu akamgeukia Wahyu akamwuliza kitu polepole. Baadaye nilimwuliza Ningsih, kwa Kiingereza chetu cha kubahatisha, baba amesema nini. Hakutaka kuniambia. Nikamshikilia. Akasema, "Ameuliza mbegu zilizobaki zitapandwa lini."

Sikumchukia, Mama. Naapa. Mtu aliyelima mahali pamoja maisha yake yote anawaza hivyo. Lakini usiku ule nilijua siwezi kuishi pale. Na Wahyu alirudi kumalizia kupanda. Alisubiri siku yenye upepo, akashuka na taa ya mafuta akaiweka chini kwenye tuta. Taa ikiwaka wanapanda viazi, ikififia wanakimbilia juu. Mimi nilisimama dirishani na Salma mgongoni, mzito namna ile, sikumshusha mpaka nilipomwona baba yake anarudi.

Ndiyo maana tulirudi wawili tu. Wewe nilikuambia ni shule zinafungua na Wahyu amebaki kumwuguza baba yake. Yote mawili ni kweli, ila hayakuwa yote.

Tangu hapo tunazungumza wakati wangu wa chakula cha mchana, kule jua limeshazama. Mwanzoni alikuwa akiniambia habari za baba yake, anatembea kwa fimbo, ameanza kuoga mwenyewe. Kisha akaanza kuniambia habari za chumba. Amejenga chumba nyuma ya nyumba ya wazazi wake, amekiwekea dirisha kubwa kwa ajili yangu. Kisha shule ya Salma, amezungumza na mwalimu mkuu. Kisha akasema wazi: "Sirudi Brussels, Hidaya. Njooni Desemba."

Nikamwambia, "Na bonde je?"

"Salma hatashuka bondeni. Nitazungusha ua."

"Hewa ile inajua ua?"

"Watu wameishi hapa miaka yote."

"Na midomo ya mwanao ilikuwa na rangi gani?"

Mume wangu hajawahi kunifokea, wala hakunifokea siku ile. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Unadhani mimi silioni lile? Kila nikifumba macho. Lakini huko kwenu nikifumba macho naona maboksi." Anachosema ni kweli. Mimi nimemwona hapa na nimemwona kule.

Na kinachonitisha zaidi ni Salma mwenyewe. Anataka kurudi. Kila siku anauliza ni lini. Nikaona niongee naye kwa utulivu, nimwulize kama anakumbuka siku aliyougua shambani, kama haogopi. Alikuwa anakula uji. Akatikisa kichwa akaniambia, "Siogopi. Nilipata usingizi mzuri, Mama. Kulikuwa na joto."

Nilitoka nikaenda kushika ukuta wa bafuni.

Sasa nifike kwenye haya ya juzi. Siku ya Jumanne nilikuwa nimetoka kumlisha mzee mmoja kule kazini, nikachukua simu nimpigie Wahyu. Haikupokewa. Nikakuta ujumbe wa Ningsih: mlima umepasuka upande wa bondeni, moshi umefunga njia, wote wanakimbia kwenda kijiji cha chini. Mwishoni ameandika, "Kaka Wahyu amerudi nyumbani kumchukua Bapak." Ndivyo wanavyomwita baba yao.

Baada ya hapo hakuna kitu. Nilipiga kwa Wahyu, nikapiga kwa Ningsih, kwa shemeji. Simu zote zimekufa. Nikatafuta kwenye mtandao, nikaona video ya moshi mweupe na watu kwenye malori, nikaitazama mpaka macho yakauma nikitafuta jaketi lake.

Nilirudi nyumbani sijui kwa basi gani. Jirani yetu wa mlango wa pili, maman Béatrice, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, alinikuta kwenye ngazi nimekaa na mfuko wa shule wa Salma mapajani. Unajua Kiswahili chao kilivyo, nakuandikia kama alivyosema.

"Mama Salma, uko nalia juu ya nini?"

Nikamweleza.

"Bon. Simama kwanza, mutoto asikuone hivi. Alors, uyu bwana yako alirudia juu ya kuchukula papa yake?"

"Ndiyo."

"Basi ni muntu muzuri. Kama kuko kintu, bangekupikia telefone. Donc tunangoya. Miye nitaomba ku kanisa, weye utaomba ku yenu."

Akanichukulia Salma, akamlisha, akamsuka nywele. Wakati Salma yuko kwake mimi nilitembea chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni. Nilijaribu kuswali, Mama, na nilipofika kwenye kusujudu nikashindwa. Paji la uso lilipokaribia sakafu, pumzi ilinikata kama siku ile. Niliswali nimekaa kwenye kiti kama bibi.

Kesho yake nilikwenda kazini kwa sababu nyumbani ningepata wazimu. Nilimwogesha mzee wa watu, naye akanishika kifundo cha mkono akaniuliza kwa Kifaransa mbona unatetemeka binti yangu, maji yana baridi? Nikasema ndiyo.

Siku zile sikulala wala sikuwa macho. Nilikuwa namwona Wahyu ameinama. Kila nilichowaza ni hicho kimoja: baba yake hawezi kutembea haraka, kwa hiyo atakuwa ameinama kumbeba.

Alhamisi mchana simu ililia nikiwa natandika kitanda cha mtu. Namba nisiyoijua. Nikaipokea, nikasikia kelele za watoto na vyombo, kisha Wahyu akasema, "Dik." Ndivyo anavyoniita, ni kama kusema mdogo wangu.

Niliketi juu ya kitanda kile nilichotandika.

Wamelala kwenye madarasa ya shule ya kijiji cha chini, wote wazima. Alimbeba baba yake mgongoni, na kwa kuwa njia kubwa ilikuwa imejaa moshi alipita juu, kwenye mashamba, upepo ukimjia usoni. Hivyo ndivyo walivyookoka, kwa kupita juu. Simu yake ilianguka njiani. Ninachokuambia kwa maneno machache yeye alinieleza kwa pumzi za kukatika, na mimi nilikuwa nasema alhamdulillah, alhamdulillah, hata simsikilizi vizuri.

Kisha akasema, "Wamesema tukae hapa mpaka wapime hewa. Lakini watu wameanza kurudi mchana, kidogo kidogo."

"Kufanya nini?"

"Viazi vya bondeni vimekomaa, Hidaya. Vikikaa kwenye mvua hii vitaoza. Karibu vyote tulivyo navyo viko mle."

Ni vile vile, Mama. Ni viazi walivyokuwa wakivipanda siku Salma alipolala.

Nilimwambia kwamba akishuka mle, asinitafute tena. Nilisema maneno mengine nisiyopenda kuyaandika. Na yeye akasema, "Basi niwalishe nini hawa wazee? Na nyinyi mkija Desemba mtakula nini?" Akasema nyinyi mkija, kama kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwambia, "Salma haji. Si Desemba, si mwakani. Mimi nikiwa hai mwanangu hatakanyaga pale." Gharama za simu ya mtu mwingine zilikuwa zinakwenda.

Hapo nikasikia mtu anamnyang'anya simu. Alikuwa Ibu. Mama mkwe, ambaye kwa miezi yote alikuwa akimwambia Ningsih aniandikie kwamba amemshonea Salma blanketi, kwamba kuku ametotoa, kwamba mnakuja lini. Hajui Kifaransa wala Kiswahili, na mimi lugha yake ni ya kuokoteza. Kwa hiyo alisema polepole, neno moja moja, kama anavyosemeshwa mtoto mdogo, ili nisikose hata moja.

Alisema, "Usimlete mtoto."

Nikamwambia, "Ibu."

Akarudia, "Mimi nampenda. Usimlete."

Nikasikia amemgeukia mwanawe na kumwambia jambo kwa Kijava, refu, bila kupaza sauti. Sikulielewa. Lakini Wahyu aliporudi kwenye simu alikuwa analia, mwanamume yule ambaye sikumwona akilia hata siku aliyomlaza Salma kwenye nyasi. Aliniambia watachimba viazi vya juu tu, hata kama ni vichache, na wazee watakwenda kukaa mjini kwa Ningsih, ambako mumewe amepata kazi ya kiwanda. "Na wewe?" nikamwuliza. Akasema, "Nitaona."

Nitaona. Hilo ndilo neno nililobaki nalo, Mama. Mlima haujatulia, na kila asubuhi kuna watu wanaoshuka bondeni na magunia. Wote ni marafiki zake wa utotoni. Anajua kwamba ardhi ile ni ya baba yake na anajua yeye ndiye mwana wa kiume wa pekee. Ningemjua kuwa mtu mbaya ningelala usingizi. Lakini ni mtu mwema, na watu wema ndio wanaorudi kuchukua kitu.

Simlazimishi arudi kwenye maboksi. Nimeanza kuuliza huku, kuna watu wa kilimo cha mboga nje ya mji, wanahitaji mtu anayejua udongo. Kifaransa chake kinatosha. Na nimewaza hata shamba letu la kule juu kwa Babu, ambalo Baba ameliacha miaka hii kwa sababu ya miguu. Sijui ukoo utasemaje juu ya mkwe mgeni kulima pale, sijui yeye atasemaje. Muulize Baba taratibu, siku akiwa amekula vizuri. Sitaki aseme ndiyo kwa kunihurumia.

Lakini kuna moja nakuomba kwanza. Unajua Wahyu hukupigia Ijumaa baada ya sala, na kile Kiswahili chake cha kuungaunga kinachomfanya Baba acheke. Amenunua simu nyingine, atakupigia. Akikupigia usimgombeze, wala usimwambie mimi ninaogopa, hilo analijua. Mwambie wewe ni mama yake wa pili na unataka kumwona. Mwambie aje. Mimi nimesema mpaka maneno yangu hayamwingii tena. Yako hajayasikia bado.

Nisalimie Baba, mwambie mjukuu wake anajua kuhesabu kwa lugha tatu na anamdai hadithi ya fisi. Nisalimie dada Zuhura, aniwie radhi kwa yale mafua, na watoto wake wote. Nisalimie mjomba Hoza, akipuliza dawa kwenye kabichi zake afunge kitambaa puani, asiwe mbishi. Shangazi Mwanamvua mpe mkono wa pole kwa msiba wa jirani yake, na bibi Mwanahawa mfikishie shikamoo yangu mpaka kitandani kwake. Maman Béatrice naye anakusalimu, ingawa hamjuani; amesema mama ya rafiki ni mama.

Mwajuma anasafiri Jumatatu, nakwenda kumpa bahasha sasa hivi kabla sijaichana. Nakubusu mikono yote miwili.

Mwanao anayekuombea nawe umwombee,

Hidaya